Vyombo vya Shahidi

Nyungunyungu hana jicho, hana sikio, hana pua. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mitatu, nimemwosha, nimempima uzito, nimemhesabu mara zisizo idadi, na bado hajaacha kunishangaza. Ukimweka juu ya karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, ukafunga mlango na kuzima feni, unamsikia. Chini ya tumbo ana vinywele vigumu, vidogo hata huvioni, na vinakwaruza karatasi anapotembea. Mara ya kwanza nilipousikia mkwaruzo ule nilimwita mkuu wa maabara aje asikie naye. Alikuja, akainama, akasikiliza, akasema, "Ndiyo, anatembea," akarudi ofisini kwake. Mimi nilibaki pale mpaka chai yangu ikapoa huko nje.

Nayasema haya mapema ili ijulikane mimi ni mtu wa namna gani. Ni mwepesi wa kustaajabu na mwepesi wa kukasirika, na sipendi kusahihishwa. Mkuu wetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Ni mtu mtaratibu, wazee wake walitoka bara, Jumapili yuko kanisani na Jumatatu saa moja na nusu yuko mlangoni na mwongozo wake kwapani. Tumefanya kazi pamoja miaka yote hiyo bila kuelewana na bila kugombana.

Kazi yetu ni kupima sumu. Mtu akileta dawa ya wadudu wa shambani, au udongo uliomwagiwa dawa, tunatakiwa tuseme kama udongo ule bado unakalika. Mashine za kusoma kilichomo zipo, lakini mashine itakwambia mna nini. Haiwezi kukwambia kama kiumbe ataishi humo. Hilo tunamwuliza nyungunyungu. Tunawafuga wenyewe nyuma ya jengo, wekundu wembamba, katika makasha ya mbao yenye samadi ya ng'ombe. Jamaa zangu wa Mji Mkongwe wakiulizwa nafanya kazi gani husema niko maabara, na huishia hapo. Shangazi yangu alinishauri nisilitaje neno nyungunyungu mpaka posa ipite. Posa ilipita, mume akaja kujua baadaye, na hajalalamika.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Unatia udongo kwenye chombo cha kioo, unaweka juu yake nyungunyungu kumi waliokomaa, wale wenye pete nene karibu na kichwa, unafunika kwa kifuniko chenye matundu. Kila udongo una vyombo vinne. Siku ya saba unamimina kwenye sinia na kuhesabu, unawarudisha, na siku ya kumi na nne unahesabu mara ya mwisho. Asiyetikisika unamgusa taratibu upande wa kichwani. Asiposhtuka, unaandika kwamba amekufa.

Na juu yao inawaka taa, mchana na usiku, siku zote kumi na nne. Nyungunyungu hapendi mwanga. Hana macho lakini ngozi yake inauhisi. Ukizima taa atapanda juu kutafuta njia ya kutoka. Ukiiacha inawaka atajizika ndani ya udongo uliompa, uwe mzuri au mbaya, na hapo ndipo utakapoujua udongo wenyewe. Taa ile nilikuwa naiwasha kila mara bila kuifikiria.

Vipo pia vyombo vinne visivyotiwa sumu yoyote. Hivi tunaviita vyombo vya shahidi. Ndani yake mna udongo safi tuliouchanganya kwa mikono yetu, na nyungunyungu wake wanatakiwa wawe wazima mpaka mwisho. Wakifa wa shahidi, huna kipimo tena, na yote uliyoyaona kwenye vyombo vingine ni bure.

Bi mkubwa wa Bububu alikuja mwezi wa Januari, jua la kiangazi limekaza, na ndoo mbili za udongo zilizofunikwa kwa vipande vya kanga. Nilimwamkia, "Shikamoo Bi mkubwa," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye benchi la mlangoni kupumua. Alikuwa wa umri wa mama yangu, ana magoti mabaya, na alizungumza taratibu akiniangalia usoni.

Shamba lilikuwa la urithi, lake na kaka zake wawili. Kwa misimu mitatu alimkodisha mtu wa kulima tungule, yaani nyanya. Mtu yule alikuwa akipiga dawa kila wiki, dawa iliyokuja ndani ya chupa za maji ya kunywa, haina karatasi wala jina. Kisha akaenda zake. Bi mkubwa aliporudi na jembe lake, udongo ulitoka mtupu.

"Mie nnalima pale tangu utoto wangu," alisema. "Ukipiga jembe, huwakosi nyungunyungu. Sasa nnalima mpaka nnachoka, sijamwona hata mmoja. Kaka zangu wanasema ardhi ishakufa, tuiuze, watu wajenge. Na wa kununua yupo. Mie nnasema haijafa. Lakini sijui, nnasema tu."

Nilimwuliza ndoo hizi mbili zina tofauti gani. Akanieleza kwamba moja ni ya katikati ya shamba na ya pili ni ya pembeni, karibu na tangi, pale mtu wa tungule alipokuwa akioshea bomba lake la dawa.

"Mkinambia imekufa, nnatia saini," alisema. "Mkinambia i hai, nnalima masika haya. Nnachotaka nambiwe kweli."

Udongo unaoshukiwa huwa tunauchanganya na udongo wetu safi, kwa vipimo vinavyopanda, ili tuone sumu inaanzia kuua wapi. Kwa hiyo kila chombo kingekuwa na sehemu ya udongo wetu. Mwongozo umetungwa nchi za baridi, na unataka mchanga, udongo mweupe wa mfinyanzi, na mboji inayochimbwa kwenye vinamasi vya huko kwao. Miaka yote tulikuwa tukitumia magunia ya mboji hiyo tuliyoachiwa na mradi fulani, na gunia la mwisho lilikuwa limekwisha. Mkuu alisema wenzetu wa nchi za joto wanatumia unga wa makumbi ya nazi badala yake, na unafaa. Hapo nikamwambia aniachie mimi.

Mimi ni mtoto wa makumbi. Mama yangu ni mtu wa pwani ya mashariki, alisokota kamba mpaka alipoolewa mjini, na viganja vyake mpaka leo vigumu. Nikiwa mdogo nilipelekwa huko kila likizo. Wanawake huchimba mashimo pwani, maji yakiwa yametoka, wakayafukia makumbi humo na kuyalaza mawe juu, na bahari ikaja ikaondoka juu yake miezi na miezi. Yakifukuliwa yananuka, lakini yamelainika. Hapo hupondwa kwa magongo, usumba ukabaki wa kusokota kamba na unga ukapeperuka. Kwetu sisi makumbi ndiyo hayo. Yale ambayo hayajafukiwa pwani ni ya kuwashia moto.

Nilikwenda kwa mama yangu mdogo huko pwani nikarudi na magunia mawili ya unga mwekundu, laini, usio na taka. Niliuanika, nikauchekecha, na fahari ilinijaa. Mkuu alikuja kunikumbusha kwamba mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi, lazima utoke machimboni. Nilimjibu kwamba hilo nalijua, na kwamba mimi si mwanagenzi. Sauti yangu ilikuwa kali kidogo.

Siku tuliyowaweka, kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu. Kwa kawaida nyungunyungu akiwekwa juu ya udongo, na taa inamchoma mgongoni, huzama upesi, hata kabla hujamaliza kufunika. Siku ile hawakuzama. Walizunguka juu ya udongo, wakapanda ukuta wa kioo, wakaanguka, wakajikunja. Vyombo vyote vilikuwa hivyo hivyo, hata vya shahidi. Nikajiambia wamechoka kuoshwa na kupimwa uzito. Baadaye wachache walijipenyeza pembeni mwa kioo, nikaridhika, nikafunika nikaenda kwangu.

Siku ya saba iliangukia Jumatano. Bi mkubwa alikuwa ameshafika, na bakuli la mihogo ya nazi alilolifunika kwa sahani, akakaa kwenye benchi lake. Utaratibu ni kuanza na shahidi. Lakini yeye alikuwa ananitazama kupitia mlangoni, na mimi nikataka kumwondolea wasiwasi, nikaanza na chombo chake. Nilimimina udongo wa katikati ya shamba kwenye sinia. Nikapekua kwa vidole. Hamkuwa na kitu ila utelezi na harufu, maana nyungunyungu akifa hakawii kuyeyuka. Chombo cha pili vile vile. Cha tatu vile vile.

"Ishakufa?" aliuliza.

Nilitakiwa kusema subiri. Nilitakiwa kusema hii ni siku ya saba tu, bado nyengine saba. Badala yake nilimwonea huruma, na huruma ikanifanya nijione najua.

"Imekufa, Bi mkubwa," nilisema. "Pole sana."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Alinishukuru kwa taabu niliyoipata, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Bakuli lake alilisahau juu ya benchi.

Niliendelea na kazi. Udongo wa karibu na tangi, wamekufa wote. Nikafika kwenye vyombo vya shahidi, nikamimina cha kwanza huku nawaza mambo mengine, na vidole vyangu vikapita kwenye udongo ule safi kutoka ukingo mmoja wa sinia mpaka wa pili bila kugusa chochote. Nikamimina vyote vinne. Shahidi wangu alikuwa amekufa pamoja na wengine. Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi na kwenye benchi hapakuwa na mtu.

Mkuu alitazama sinia, akatazama daftari. "Hatuna kipimo," alisema. Kisha akauliza, "Yule mama amekwisha kuambiwa?" Nilimwonesha bakuli lililobaki juu ya benchi. Hakuniuliza tena, na ingelikuwa nafuu kwangu lau angelinigombeza.

Jumatano ile yote nilimtafuta wa kumlaumu. Nililaumu mchanga, nikalaumu maji ya bomba, nikalaumu umeme uliokatika siku ya tatu. Niliwalaumu mpaka nyungunyungu wenyewe, kwamba wamezeeka. Alhamisi asubuhi nilifungua gunia la makumbi lililobaki ili nilitoe kwenye orodha ya washukiwa, na harufu ikanipiga. Ilikuwa harufu ya utoto wangu, ya mashimo ya pwani na mikono ya mama. Nilisimama nayo kitambo. Kisha nikachota unga kidogo kwa kidole nikauweka ulimini.

Mkuu aliingia akanikuta nikiwa na makumbi mdomoni. Katika maabara yetu hairuhusiwi hata kutafuna karafuu.

"Chumvi," nilimwambia.

Alinitazama, akalitazama gunia. Akageuka akafunga mlango, akarudi, akachota kidogo, akaonja naye. "Chumvi," alisema.

Nilikaa chini. Niliambiwa mchanga usiwe wa pwani, nikasema nalijua hilo, kisha nikaileta bahari yenyewe ndani ya magunia mawili na kuigawa kwenye kila chombo kwa kipimo sawasawa. Kosa hili lisingelimpata mtu asiyezaliwa kwenye kamba. Yeye angeliuliza makumbi haya yalikuwa wapi. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nikijua.

Lakini kilichonikalisha chini si aibu peke yake. Nilikuwa nakumbuka siku ile ya kwanza, walivyozunguka juu wakikataa kuzama. Nyungunyungu anaonja kwa ngozi yake yote, toka mwanzo wa mwili wake mpaka mwisho. Yeye mzima ni ulimi. Mimi ilinichukua siku nane na kidole kuijua ile chumvi. Wao waliijua papo hapo walipoigusa. Na wakachagua kubaki kwenye mwanga, kitu wanachokichukia kuliko vyote, kuliko kuingia nilikowapeleka. Walinambia kwa kila walichonacho, mbele ya macho yangu, na mimi nikafunika nikaenda kula. Hofu niliyoisikia pale ni ile ya kusimama mbele ya kitu kikubwa, na kitu chenyewe kilikuwa na uzito usiofikia nusu ya kijiko cha sukari.

Mchana ule nilikwenda Bububu. Nilimkuta Bi mkubwa barazani anachagua mchele, na nilijua kama sisemi kabla ya kukaa sitasema. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama: makumbi, chumvi, shahidi, na kwamba neno nililompa jana halikuwa na msingi wowote.

Alimaliza kuchagua mchele uliokuwa kwenye ungo, mpaka wa mwisho. "Kesho baada ya sala tunakwenda kwa sheha kutia saini," alisema. "Nshawambia kaka zangu. Mnunuzi naye keshaambiwa."

Hapo ndipo nilipokaa.

"Na mie jana nlipotoka kwenu sikuja nyumbani. Nlikwenda shamba. Nkakaa chini nkaiaga, nkaitaka radhi, maana aliyemkodisha yule mtu ni mie, si wao." Aliweka ungo kando. "Kwa hiyo hujui kama imekufa."

"Sijui, Bi mkubwa."

"Na hujui kama i hai."

"Sijui."

"Basi rudi ukajue," alisema. "Kaka zangu niachie mie. Watanuna, na nlishawaona wakinuna. Lakini masika hayangojei mtu." Akasimama kwa taabu akachukua jembe, akanipeleka shamba, akanisimamisha katikati na kunitaka nichimbe mwenyewe. Nilichimba mpaka jasho likaniingia machoni. Udongo ulikuwa mwekundu, mzuri, na mtupu. Tulijaza ndoo mbili nyengine. Wakati wa kuagana aliniambia nisisahau bakuli lake.

Nyumbani nilimweleza mama. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umewatia nyungunyungu wa watu bahari," alisema. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza yule mwanamke ana watoto wangapi na shamba lina ukubwa gani, na kabla sijamaliza kumjibu akaniambia nikatafute makumbi mabichi, ya nazi zilizofuliwa siku ile ile, yasiyoijua pwani.

Kwa siku nne mama alikaa uani kwetu, katika nyumba ile ya Mji Mkongwe ambamo hata kikohozi kinapanda mpaka ghorofa ya tatu, akiponda makumbi hayo kwa gongo. Makumbi yasiyofukiwa ni magumu, hayataki kuachia, na kila moja alilitukana kwa jina lake. Jirani wa juu aliteremka kuuliza kama tunajenga. Mimi nilitaka kuyaosha kwa maji ya kisima cha uani, mama akanishika mkono. "Kisima hiki maji yake yana chumvi chumvi. Husikii kosa likikutembelea mara ya pili?" Tukaosha kwa maji ya mvua ya vuli yaliyobaki kwenye pipa, mara tatu, na kila mara mama alionja kwanza, kisha mimi. Tulianika juu ya paa. Usiku ule viganja vyake vilivimba, nikavipaka mafuta, na hakuniruhusu niseme ahsante.

Safari hii nilitengeneza vyombo vya shahidi kwanza. Baada yake vya mchanganyiko, na baada ya hivyo nikaongeza vinne vya udongo wa katikati ya shamba mtupu, usiochanganywa na kitu, na vinne vya udongo wa karibu na tangi. Nikaweka nyungunyungu kumi juu ya cha shahidi, chini ya taa, nikainama.

Mmoja aliinua kichwa. Akagusa udongo, akajivuta, akagusa tena. Kichwa kikawa chembamba, kikapata njia, na mwili wote ukamfuata bila haraka, pete yake ikapita, mkia ukapita, na pale alipokuwa pakabaki kitundu. Akafuata wa pili. Sikuketi mpaka wa kumi alipozama. Nilipoinua macho nilimkuta mkuu amesimama nyuma yangu.

"Wameingia," alisema. Na siku ile hakurudi ofisini. Alivuta kiti tukatazama pamoja chombo baada ya chombo. Kwenye udongo wa karibu na tangi walizunguka juu, tukaandika. Kwenye udongo wa katikati walisita kidogo, wakaonja, wakazama, tukaandika hilo pia, na sikulisema kwa mtu.

Siku ya saba niliwahesabu nikiwa nimefunga mlango. Bi mkubwa alipiga simu. "Siulizi," alisema. "Nnakujulia hali tu." Nikamwambia mimi mzima, na mama mzima. Akashukuru, akakata.

Siku ya kumi na nne alikuja. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na kaka zake walikuwa wamempa mpaka mvua ya kwanza. Nilimrudishia bakuli lake likiwa na visheti, kwa kuwa mama hakubali bakuli la mtu lirudi tupu. Mkuu alimwekea kiti ndani, karibu na meza, jambo ambalo sijawahi kuliona akilifanya.

Nilianza na shahidi. Wote walikuwa wazima. Nikaenda kwenye udongo wa karibu na tangi, na humo hamkuwa na kitu. Bi mkubwa aliinama akalitazama lile sinia tupu muda mrefu. "Hapa ndo alipokuwa anaosha bomba," alisema. Sikumpoza, na yeye hakutaka kupozwa.

Chombo cha kwanza cha katikati ya shamba aliomba amimine mwenyewe. Nilimpa glavu, akazivaa kwa heshima yetu. Alipekua udongo wake kwa ncha za vidole na kuhesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, akiwaweka upande mmoja wa sinia. Alifika tisa. Udongo ulikuwa umebaki kidogo sana. Aliusogeza huku, akausogeza kule, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Wa kumi alikuwa amejikunja ndani ya donge. Bi mkubwa alimgusa taratibu upande wa kichwani bila kufundishwa, na nyungunyungu akashtuka.

"Kumi," alisema. Akawahesabu tena tangu mwanzo.

Ndipo mimi nilipokiona, kwenye ukingo wa sinia, kitu cha manjano kidogo kuliko punje ya mchele, kimechongoka ncha zote mbili. Lilikuwa yai. Ndani ya siku kumi na nne, chini ya taa isiyozimwa, bila kuulizwa na mtu, walikuwa wametaga. Nilimwonesha kwa ncha ya kibanio. Mimi nilikuwa nimewaomba jibu moja tu, kufa au kuishi.

Vyombo vitatu vilivyobaki vilipotoa jibu lile lile, nilimweleza ninachokijua, si zaidi. Dawa iliwaua waliokuwemo wakati ule, kisha katikati ya shamba ikapungua. Ardhi pale imebaki tupu lakini inakalika, na nyungunyungu wa mashamba ya jirani watarudi wenyewe pole pole, mradi asipige mtu dawa ile tena. Pembeni penye tangi pasipandwe kitu. Akasema pale ataweka banda la majembe.

Kisha akainua uso akaitazama taa. "Hii haizimwi?"

"Haizimwi mpaka siku ya kumi na nne."

"Na leo si ndo ya kumi na nne?"

"Naam."

"Basi izimeni. Washasema walokuwa wanaulizwa."

Nilimtazama mkuu. Mwongozo haukuwa na neno juu ya hilo. Tuliwarudisha kwenye chombo pamoja na yai lao, nikavuta pazia, nikaizima taa. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nikiizima baada ya kuwatoa, sijawahi kuizima wakiwa ndani. Tulikaa sisi watatu kwenye kiza kile cha pazia, feni nayo imezimwa. Muda ulipita. Halafu udongo ulitikisika karibu na kioo, kichwa kikatokea, kikapapasa hewa huku na huku. Kikafuata cha pili upande mwengine. Nilihesabu mpaka sita, kisha nikaacha kuhesabu.

Simu ya Bi mkubwa ilitikisika mkobani. Alitazama aliyepiga, akaacha ilie mpaka ikanyamaza, kisha akapiga yeye. "Saini sitii," alimwambia kaka yake, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kuwashtua waliopo. "Nnalima." Akaiweka simu kwenye mkoba, akasogeza kiti karibu na chombo, nasi tukaendelea kuwatazama.